Impela ya Gari la Ndululu

Kyuso, 18 Machi 2024

Ndugu yangu Munyao,

Nakuandikia kwa sababu ya masikio yako yasiyosikia. Nikipiga simu, Katunge ndiye hukupokelea na kukuelezea, na haya si ya kupitia kinywa cha mke wako, hata kama ni wifi ninayempenda. Kwa hiyo kifurushi kiweke kando kwanza, usome.

Sisi tuko. Mvua bado haijatuangalia vizuri. Yule mbuzi mweupe amezaa pacha, mmoja anachechemea lakini ananyonya. Wayua wangu yuko kidato cha tatu, na amekuwa mrefu hadi sketi ya shule imekuwa kama ya mtu mwingine. Na mama, Mwaitu wetu, magoti yake yanaendeleaje? Mwambie ile shuka aliyoniwekea mabegani siku ya mazishi ya mume wangu Ndululu bado najifunika nayo.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi iliyopita ukoo wa Ndululu ulikaa hapa kwangu. Nthiwa, kaka yake mkubwa, ndiye aliyesema. Hakusema kwa ubaya. Alikunywa chai yangu, akaniambia, "Shemeji, gari linalotembea ni jembe la mjane, hatuligusi. Lakini lisilotembea ni chuma, na chuma kina kilo, na kilo zinagawanywa." Nikamwuliza lini. Akasema siku ya ukumbusho wa Ndululu, Desemba tarehe saba, tutakapoweka msalaba. Kama gari litafika kanisani lenyewe, bila kusukumwa na bila kuvutwa na ng'ombe, ni langu. Kama halitafika, mwenye mizani wa chuma chakavu atakuja Jumatatu yake.

Munyao, tangi lile la maji ya kuuza mgongoni mwa gari ndilo karo ya Wayua, ndilo unga, ndilo kila kitu. Sina shamba la kunilisha, unalijua shamba la huku.

Nimekutumia impela. Ni lile gurudumu dogo la plastiki linalozunguka ndani ya pampu ya maji ya injini. Lilivunjika siku ile aliyokufa Ndululu. Kama unavyojua, gari hili lililetwa na Waitalia wa misheni zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na kampuni iliyolitengeneza haipo tena. Fundi Mutie alijaribu kuchonga impela ya chuma, ikala pampu. Anasema ni plastiki tu, na ya plastiki haiko Mwingi wala Nairobi. Mabawa yake sita yalisagika yote. Utakachokiona ni kitovu tu, ndicho kilichopatikana.

Wewe una mkono wa kuchonga. Tafadhali.

Dada yako,
Kalunde


Makindu, 6 Mei 2024

Dada Kalunde,

Amani iwe kwako na kwa Wayua. Barua ilichelewa kunifikia kwa sababu maji yalikata barabara, na kifurushi kililala Kibwezi wiki tatu. Uliomba mvua, imekuja yote huku kwetu. Mwaitu yuko, magoti ni yaleyale, lakini jana alimfukuza jogoo wa jirani mpaka barabarani, kwa hiyo usimhurumie sana. Anakuuliza kama unakula.

Biashara ya vinyago ni nzuri. Wasafiri wanaosimama Makindu bado wanapenda swala.

Nimezunguka na impela yako mfukoni. Bwana mmoja Nairobi ana mashine inayochapisha vitu vya plastiki kutoka kwenye kompyuta. Alinichapishia moja kwa elfu nne, na nilifurahi sana ndani ya basi. Nilipofika nyumbani niliitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, maana humo ndimo itakamoishi. Ilijikunja kama chapati. Katunge alicheka hadi akakaa chini.

Nikaenda Emali kwa mzee mmoja anayetengeneza mipini ya visu kwa nailoni. Ana mashine ya kusukuma kwa mkono. Akaniandikia kwenye karatasi, "Plastiki si ghali. Ghali ni kalibu." Kalibu ni kile chuma cha pande mbili ambacho nailoni ya moto inasukumwa ndani yake ili ichukue umbo. Mimi nachonga impela ya mti, yeye anamwaga kalibu ya alumini kwa kufuata mti wangu. Kalibu ni elfu sitini. Nilimwambia tunataka impela moja tu. Akasema, moja au mia, kalibu ni ileile.

Dada, hata nikichonga usiku na mchana siwezi kupata elfu sitini. Lakini mzee huyo alisema neno: tafuta watu kumi wenye gari hilo. Kila mmoja atoe elfu sita. Je, wapo?

Kuchonga mti ni kwangu, hilo usilifikirie.

Ndugu yako,
Munyao


Kyuso, 9 Juni 2024

Ndugu yangu Munyao,

Salamu kwenu wote, na kwa jogoo aliyefukuzwa. Sisi tumevuna ndengu magunia mawili, mwaka huu si mbaya. Mwambie Mwaitu ninakula.

Watu wapo. Sikujua kama nina miguu ya kutembea hivi. Waitalia walileta magari kumi na moja huku kaskazini kuchimbia visima, na mengi bado yako vichakani, kila moja limekufa kwa ugonjwa huu huu. Moja liko shule fulani ya Tseikuru, wanafunzi wamelichora. Mawili ni ya Hared, yule mfanyabiashara wa mbuzi hapa sokoni. Alinipeleka nyuma ya duka akanionyesha. Ndani ya moja kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva.

"Mama Wayua," aliniambia, "nilinunua hili la pili ili nitoe impela niweke kwenye la kwanza. Nilipofungua, nalo halina. Sasa mimi ndiye mtu pekee Kyuso ambaye kuku wake wana magari mawili."

Mkewe Ebla alicheka kutoka dirishani akasema, "Mwambie na bei ya mayai." Lakini Hared alitoa elfu kumi na mbili palepale. Wengine wametoa, wengine wameahidi. Wawili walisema wataona kwanza kama inafanya kazi. Nimeuza magunia yote mawili ya ndengu nikafikisha. Nakutumia sitini kamili kwa simu ya Katunge leo.

Ndululu alikuwa akifunga vifuniko vya mitungi kwa uzi, ili visipotee. Kila mtungi na uzi wake. Leo nilitaka kufungua mmoja nikaona fundo lake, nikashindwa kulifungua, nikamwaga maji kwa pembeni ya kifuniko kama mtoto. Nakuambia wewe kwa sababu hapa watu wamechoka kusikia.

Fanya haraka, lakini fanya vizuri.

Kalunde


Makindu, 21 Julai 2024

Dada,

Nisamehe ufupi, basi linaondoka. Sisi wazima. Ndani utakuta impela kumi za nailoni nyeusi. Nilichonga mti mara tatu kabla ya kuridhika. Nimezichemsha zote kwa saa nzima na hakuna iliyojikunja. Mzee wa Emali alizigonga kwa nyundo akasema, "Hizi zitakuzika."

Mwaitu anaziombea.

Munyao


Kyuso, 4 Agosti 2024

Munyao,

Hatujambo.

Mutie aliifunga Jumatano. Gari liliwaka kwa mara ya kwanza tangu Desemba, na Wayua alilia. Tulitoka nalo, Mutie na mimi. Kwenye kilomita ya tatu mshale wa joto ukaanza kupanda. Kwenye ya nne rejeta ikalia kama birika. Tulirudi tukivutwa na punda wa watu, na Nthiwa alikuwa amesimama langoni kwake akiangalia.

Mutie aliitoa akaishika kwenye mwanga. Akaniambia, "Mama, mabawa yamepinda kinyume. Hii haisukumi maji, inayakata tu."

Kesho yake nikaenda kwa Hared. Naye alikuwa amefunga yake, nayo imechemka. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti chake, akaigeuza impela mkononi. Afadhali angenigombeza. Yule mwalimu wa Tseikuru alikuja hadi kwangu kwa pikipiki, akazidai pesa zake mbele ya Wayua: "Sisi shule tulipata wapi elfu sita za kuchezea?"

Elfu sitini, Munyao. Ndengu zangu zimo humo.



K.


Makindu, 28 Septemba 2024

Dada Kalunde,

Nakusalimu. Mwaitu alikuwa na homa, ameamka. Wiki nyingi zimepita bila barua kutoka kwangu. Niliandika mara nne nikachana.

Kosa ni langu na nataka ulijue lilivyo. Impela uliyonitumia ilikuwa kitovu tu, na alama sita ndogo mahali mabawa yalipokuwa. Alama zimesagika, hazionyeshi bawa lilielekea wapi. Ningekuuliza. Lakini sisi tulifundishwa na babu kwamba mchongaji haombi kuonyeshwa, anaangalia mti na mti unamwambia. Na tena mimi miaka yote nachonga swala wawili wawili wakitazamana. Nikimaliza wa kushoto, mkono wenyewe unageuka kwenda kulia. Kwenye mti ule wa tatu, ule nilioridhika nao, mkono uliegemea upande uliouzoea. Ulinipendeza macho. Nilifikiri kupendeza ni kuwa sawa.

Nimerudi Emali. Mzee ni muungwana. Anasema alumini inaweza kuyeyushwa tena, kwa hiyo kalibu ya pili ni elfu thelathini na nane, si sitini. Usitafute pesa hizo. Hilo ni langu, na biashara ni nzuri.

Lakini kubahatisha tena siwezi. Si upande tu, ni kiasi cha mpindo, ni unene kwenye ncha. Mzee anasema nikikosea tena hatashika kazi hii. Wewe na Mutie tafuteni kwenye udongo wa boneti, chini ya kiti, popote. Bawa moja tu. Hata nusu yake.

Zimebaki wiki kumi.

Munyao


Kyuso, 7 Oktoba 2024

Munyao, mwana wa mama yangu,

Salamu kwa Mwaitu, na namshukuru Mungu kwa homa iliyoondoka. Wayua alirudishwa nyumbani wiki iliyopita kwa ajili ya karo, nimeongea na mwalimu mkuu, amerudi.

Fungua hiki kitambaa ukiwa umekaa mezani, kisianguke.

Ni bawa. Ni zima, kutoka mzizi hadi ncha. Nilikuwa nalo tangu mwanzo.

Nilikuandikia kwamba yote yalisagika. Nilikudanganya. Siku ile Ndululu alikuwa akirudi kutoka Ngomeni, ameuza maji yote, tangi tupu. Gari likachemka. Alimwaga maji yake ya kunywa kwenye rejeta, yakachemka nayo. Akafungua pampu akaona, akatoa bawa hili moja lililobaki zima, akalitia mfuko wa shati ili amwonyeshe mtu, akaanza kutembea. Ilikuwa saa saba mchana. Mtu wa kuuza maji, Munyao. Daktari aliandika kwamba kilichomuua ni jua na moyo.

Walinipa shati lake ndani ya mfuko wa karatasi. Bawa lilikuwa humo, limeacha alama ya mafuta kwenye kitambaa cha mfuko. Ndicho kitu cha mwisho alichokishika akiwa na mpango. Niliwaza, kila kitu chake kinaombwa na mtu: ukoo unataka gari, Nthiwa alichukua koti, kanisa lilichukua viatu kwa maskini. Hiki ni plastiki, hakuna atakayekitaka. Nikakiweka kwenye Biblia.

Uliponiandikia kuhusu Emali nilijua. Nilijua kwamba kama ningekutumia bawa hili, ungekuwa na la kufuata. Nikajiambia Munyao ana mkono, atajua. Nilikuacha ubahatishe ili mimi nisiachane na kipande cha plastiki. Kwa hiyo kosa si la mkono wako. Waambie swala wako hivyo.

Hared nilimwambia ukweli huu pia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama Wayua, nami nina kofia ya baba yangu ambayo siwezi kuifua." Anangoja.

Ukilazimika kulikata ili upime, likate.

Dada yako,
Kalunde


Makindu, 23 Novemba 2024

Dada,

Wazima sote. Sikulikata. Nilitumia siku kumi na moja na mti mmoja wa jakaranda, na kila nilipochonga bawa nililiweka la Ndululu juu yake nikapitisha kidole. Lilikuwa limepinda kidogo zaidi kuliko ambavyo mimi ningethubutu. Kwenye ncha ni jembamba kama ukucha. Nisingejua kamwe.

Hizi hapa kumi nyingine. Wape bure wote waliotoa mara ya kwanza. Mzee wa Emali amenipa na kalibu yenyewe, iko chini ya kitanda changu. Na anasema sasa kalibu ni nzuri, zinazofuata ni nailoni na nguvu za mkono tu. Ukihitaji nyingine, ni shilingi mia sita kila moja.

Bawa limo kwenye kitambaa chake.

Zimebaki wiki mbili. Usingoje jibu langu, zifungeni.

Munyao


(Karatasi ndogo, chini ya sanduku)

Wifi Kalunde,

Naandika akiwa ameenda kutafuta kamba ya kufungia. Hatakuambia. Ameuza kibanda chake cha barabarani pamoja na swala waliokuwemo. Sasa anapakia magunia kwa malori, na kwa kuwa hasikii honi, siku nzima mimi niko pale na leso nikimpungia. Sikuandikii ili urudishe. Naandika ili mtu mwingine ajue.

Katunge


Kyuso, 15 Desemba 2024

Ndugu yangu Munyao, na wewe Katunge usome naye,

Nawasalimu kwa jina la Bwana. Wayua amefunga shule, ananisaidia mifugo. Yule mwanambuzi aliyekuwa akichechemea ametengemaa, hujui ni yupi.

Mutie aliifunga tarehe ishirini na nane. Hatukumwambia mtu. Tulizunguka usiku ule ule hadi kisimani na kurudi, na mshale ukakaa katikati. Mutie alikuwa akikigonga kioo kwa kidole, akidhani mshale umekufa.

Tarehe saba nililiendesha mwenyewe hadi kanisani. Watu walikuwa nje wakingoja pasta. Nthiwa alikuja, akafungua boneti mbele ya wote, akaweka kiganja juu ya rejeta, akakiacha pale muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akafunga. "Shemeji," akasema, "mwenye mizani nitampigia simu asije." Akalivua lile koti la Ndululu, akalitupa kwenye kiti cha gari, akaingia kanisani na shati tu. Msalaba umewekwa, umesimama wima. Juzi nimepeleka maji shule mbili.

Kuhusu kibanda, najua. Usimgombeze aliyenijulisha. Sina maneno mazuri juu ya jambo hilo, na pesa sina, nyinyi wenyewe mnajua. Namwomba Mungu aniweke na aibu hii mpaka nipate cha kufanya.

Lakini kuna neno moja kwenye barua yako ambalo limenikalia kifuani tangu nilipolisoma, na sikumwambia mtu yeyote huku. Mia sita. Nililisoma nikidhani umesahau sifuri. Munyao, Ndululu alikuwa na mia sita. Siku ile mfukoni mwa suruali yake walikuta elfu moja na mia mbili za maji aliyouza. Angenunua mbili, akaweka moja chini ya kiti. Angerudi akakung'uta viatu pale kwenye jiwe lake, akauliza kuna nini cha kula. Sikulala siku tatu kwa ajili ya hesabu hiyo ndogo. Sikulaumu, ni hesabu tu, inajipiga yenyewe.

Jana alikuja mwanamume kutoka upande wa Katse, ana gari lile lile, anabebea wagonjwa wa kijiji chao. Kalunde gani anayeuza impela, alikuwa akiuliza kila nyumba. Aliliacha gari uani likitoa mvuke. Aliponiuliza bei, nilifungua mdomo nikashindwa kuitaja. Alidhani nafikiria kumwongezea. Akasema, "Mama, nina elfu tano tu, nitaleta zingine."

Nikampa. Nikamwambia ni bure. Akashukuru, akaifunga kwenye leso, akaitia mfuko wa shati, akasema ataifunga akifika nyumbani, fundi wao ni mzuri.

Nikamwambia hapana. Nilisimama mbele ya mlango wa gari lake, Munyao, mimi mtu mzima, na mikono nimeitandaza. Nikamtuma Wayua akamwite Mutie. Yule mwanamume alisema jua ni kali, kazi itachukua hadi jioni, ana safari. Nikamwambia kuna chai, kuna kivuli, kuna isyo, mahindi na maharagwe ya moto. Nikanyoosha mkono na sikuushusha mpaka akaitoa impela mfukoni akanirudishia.

Akala, akangoja. Saa kumi na mbili Mutie alifunga boneti, na nikamwacha aende.

Dada yenu,
Kalunde